Inda ya Debe Moja

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, la hasha. Wenyewe hawapendi kutajwa, na mimi niliajiriwa kwao miaka kumi na moja bila kukaripiwa hata siku moja, kwa hiyo nina adabu zangu. Nitasema tu kwamba ni nchi nzuri. Ina wimbo wa taifa wenye beti ishirini na nne, ina mlima mmoja, juu ya mlima pana tangi la maji, na kando ya tangi ndipo ilipo Wizara ya Maji, Mito na Subira. Mito haikuwapo, lakini subira ilikuwa tele.

Mimi nilikuwa Mmwagaji wa Serikali, Daraja la Pili. Haya, cheka umalize, halafu tuendelee.

Umeshamaliza? Basi sikiliza. Kulikuwa na Sheria ya Mgao wa Wawili. Kila wiki, kila nyumba mbili zinazotazamana zilipewa madebe kumi ya maji, kwa pamoja. Lori lilishuka mlimani likayashushia nyumba ya upande wa mashariki, maana ndiyo ya kwanza njiani. Sheria ikasema: yule ambaye maji yamemfikia kwanza ndiye mgawaji, na anayepewa ndiye mpokeaji. Mgawaji anagawa apendavyo. Mpokeaji akiridhika, anachukua chake. Asiporidhika, anainua kibendera chekundu, na hapo Mmwagaji anakuja kumwaga mafungu yote mawili barabarani, lake na la mgawaji, kila mtu akose.

Waziri aliyeitunga, Mheshimiwa Kagusa, aliieleza vizuri sana siku ya uzinduzi.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mwenye kiu hachagui kikombe! Atakayepewa kidogo atashukuru, kwa sababu kidogo ni kikubwa kuliko hakuna, na hakuna ni kidogo kuliko kidogo! Hicho kibendera tumekiweka kwa ajili ya demokrasia tu. Hakuna mwendawazimu atakayekitumia!"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Na kweli, miaka minane hakuna aliyekitumia. Mimi nilikuwa na kofia, kitabu cha sheria, funguo za kila chombo cha maji nchini, na kiti kivulini. Kazi tamu kuliko hiyo sijapata kuiona.

Aliyeniharibia ni Bi Chausiku wa Mtaa wa Mfereji.

Huyu mama alikuwa dobi, tena dobi wa sifa. Kabla ya sheria alikuwa na makarai manne makubwa uani, na ukutani ameandika kwa mkaa CHAUSIKU DOBI, herufi kubwa kama mlango. Sheria ilipokuja, akajikuta yuko upande wa magharibi. Mgawaji wake akawa Mzee Ndimbo, mstaafu wa serikali, aliyekuwa Mkaguzi Msaidizi wa Bendera. Mzee Ndimbo akampa debe moja, akabaki na tisa. Wiki ya pili, debe moja. Mwaka wa nane, debe moja. Na debe moja la kunywa, kupikia na kuoga kwa wiki nzima halifui hata soksi. Makarai ya Bi Chausiku yakageuzwa kifudifudi, kuku wakawa wanalala chini yake. Alichokitaka duniani ni kimoja tu, kuyaona yale makarai yamekaa wima tena, na hakuchoka kukisema.

Siku moja lori limeshusha, Mzee Ndimbo amegawa kama kawaida yake. Kisha, mbele ya macho ya mama wa watu, akachukua debe zima katika yale tisa, akamwogesha bata wake. Alimwogesha kwa sabuni, akamsuuza, akamrudia tena. Bata akajikung'uta na rasharasha ikamfikia Bi Chausiku usoni.

Nilikuwa nimesinzia niliposikia watoto wanapiga kelele, "Kibendera! Kibendera!"

Jamani! Sikuwahi kumwaga hata kikombe. Nikafungua kitabu nikasoma kwamba Mmwagaji lazima kwanza aulize swali la kisheria, kwa sauti. Nikamwendea.

"Mpokeaji, umeridhia?"

"Sijaridhia."

"Mama," nikamnong'oneza, "ukikataa unapoteza debe lako."

"Najua."

"Utakunywa nini?"

"Nina dada yangu mtaa wa pili, atanipa kikombe. Huyu mwenzangu hana dada."

"Lakini hutapata faida yoyote!"

"Bwana Afisa, nani kakwambia nataka faida? Mimi napoteza moja, yeye anapoteza tisa. Hesabu hiyo imenikaa rohoni vizuri kabisa. Mwaga."

Nikataka kumpamba kidogo, maana kitabu kina sehemu ya kuandika sababu. Nikamuuliza kama niandike kwamba anadai haki.

"Haki gani?" akasema. "Andika inda. Nataka yule bata akauke."

Nikaandika inda. Kisha nikamwaga, kwa utaratibu uliowekwa, yaani fungu la mgawaji kwanza, la mpokeaji baadaye, na wakati wote wa kumwaga unaimbwa wimbo wa taifa, watu wamesimama wima, mkono kifuani, ni marufuku kusema neno ubeti ukiwa katikati. Tuliimba beti zote ishirini na nne juani. Mzee Ndimbo alikuwa analia, sijui kwa uzalendo au kwa maji. Vumbi lilikunywa madebe kumi likawa kavu kabla hatujafika ubeti wa sita.

Wiki iliyofuata Mzee Ndimbo akampa mawili, huku amenuna. Kibendera juu, tukaimba. Wiki ya tatu, matatu. Kibendera juu, tukaimba. Mimi sauti ikanikauka nikawa nachukia kuzaliwa. Wiki ya nne Mzee Ndimbo alitoka nje midomo imepasuka, bata kakonda, akayapanga madebe matano upande huu na matano upande ule, akasimama katikati mikono kiunoni.

"Haya, we mwanamke mwenye roho mbaya! Umeridhika sasa?"

"Nimeridhika, Mzee wangu. Ahsante kwa ukarimu."

"Ukarimu wapi! Nakuogopa tu."

"Mimi sibagui. Hata maji ya kuogopa yanafua."

Jioni ile Bi Chausiku aliwafukuza kuku akayasimamisha makarai. Baada ya wiki mbili zahanati ikamletea shuka zake, arobaini kila Jumatatu, na akaliandika jina lake upya ukutani. Sikia nikwambie, alipoliandika alilia, na mimi nikajifanya nasoma kitabu cha sheria.

Balaa likawa kwamba watu walikuwa wanatazama. Nyumba ya jirani wakasema kumbe inawezekana. Vibendera vikaanza kuinuka mtaa mzima, halafu mitaa ya pili, halafu wilaya. Kwa mwezi mmoja nchi ilikuwa inaimba tu. Kisha, ghafla, kukawa kimya. Wagawaji wote walikuwa wanagawa matano kwa matano, kimyakimya, bila kuambiwa. Mimi nikarudi kwenye kiti changu nikamshukuru Mungu.

Wizara haikumshukuru mtu. Usawa ulikuwa umeingia nchini bila kibali, na hakuna idara iliyokuwa tayari kusema ndiyo iliyoupokea. Mheshimiwa Kagusa akamwita mtaalamu mmoja wa chuo, Profesa Luhwago, mtu mwembamba aliyekuja na mfuko wa kunde na maharage mekundu. Mimi niliitwa kama shahidi. Akayamwaga mezani.

"Mheshimiwa, kunde ni wapole, wanaopokea chochote. Maharage ni wenye inda, walio tayari kujiumiza ili wamuumize mwenzao. Kwa kawaida maharage huisha. Ukiwa kwenye umati mkubwa, ukijiumiza ili umkomoe mmoja, wale wengine wote wanakupita bila jasho."

"Vizuri. Kwa hiyo wataisha."

"Hapana, kwa sababu ninyi mmewapanga wawili wawili." Akaitenga kunde moja na haragwe moja. "Hapa hakuna umati. Kila mtu anamtazama mmoja tu, kutwa kucha. Huyu kapoteza moja, huyu kapoteza tisa. Nani kashinda?"

"Hakuna aliyeshinda!"

"Kashinda aliyepoteza moja. Na majirani wanamwiga anayeshinda." Akaondoa kunde, akaongeza maharage, mpaka meza ikawa nyekundu. "Inda ikishaenea, wagawaji wanaogopa. Wakiogopa, wanagawa sawa. Huu usawa mnaouona mitaani, Mheshimiwa, umezaliwa na roho mbaya."

Waziri akafikiri sana. "Kwa hiyo inaambukiza."

"Inaigwa."

"Katibu, andika inaambukiza. Dawa yake nini?"

"Kila nyumba ipewe bomba lake. Wakiacha kushindana kwenye ndoo moja, watasahau kukomoana."

"Profesa," Waziri akasema kwa upole, "nimekuita unishauri, sikukuita unitukane."

Profesa akarudishwa chuoni. Makarani wakaona si vizuri chakula kiharibike, wakayachemsha yale maharage na kunde kwa nazi, na utafiti ukaishia hapo.

Lakini Mheshimiwa Kagusa hakuwa mjinga, tena msije mkafikiri hivyo. Alikaa na makaratasi siku tatu akagundua jambo. Kama watu wanagawana matano kwa matano na hawagombani, maana yake ni nini? Maana yake maji yamezidi! Wenye dhiki hugombana. Basi mgao ukashushwa, madebe manane kwa nyumba mbili. Watu wakagawana manne kwa manne. Hawakugombana. Waziri akasema mnaona? Yakashushwa yakawa sita. Yakawa manne. Yakawa mawili. Kila yaliposhuka watu waligawana sawasawa, kila mmoja akimchunga mwenzake kwa jicho kali, na Wizara ikaandika kwenye ripoti kwamba upendo unaongezeka.

Maji yaliyookolewa yalibaki tangini. Tangi likajaa mpaka shingoni, na kwa kuwa si vizuri kukaa nayo tu, Wizara ikajenga chemchemi ya mapambo, na bwawa la samaki, na bustani ya kufikiria sera.

Kule Mtaa wa Mfereji, Bi Chausiku alikuwa anafua shuka arobaini kwa debe moja. Maji yalikuwa yanakuwa uji. Alisuuza shuka ya leo kwa maji ya shuka ya jana. Muuguzi mkuu wa zahanati akaja mwenyewe, mama mstaarabu, akamwambia, "Chausiku, mwenzangu, wagonjwa wanalala kwenye madoa. Jumatatu hii shuka zikirudi hivi tena, nazipeleka kwa dobi mwingine mjini. Usinilaumu."

"Sikulaumu, dada," Bi Chausiku akajibu, lakini nilimwona alivyoyatazama makarai.

Jumatatu hiyohiyo ndiyo Waziri aliyochagua kufanya Siku ya Shukrani. Mtaa wa Mfereji wote ulialikwa kwenye uwanja wa Wizara, juu mlimani, ili upongezwe kwa upendo kati ya majirani. Redio ya taifa ilikuwapo. Viti vya wageni vilikuwapo. Chemchemi ilikuwa inaruka juu huku watu waliotembea mlima mzima wanaitazama na kumeza mate makavu.

Mheshimiwa Kagusa akasimama mbele ya debe moja lililofungwa utepe.

"Ndugu zangu wa Mtaa wa Mfereji! Mmetufundisha kugawana! Mngewapenda majirani zenu kiasi gani kama mngekuwa na maji mengi? Hatujui! Tunajua tu mnavyopendana yakiwa machache! Kwa hiyo Serikali, kwa kuuenzi upendo huo, kuanzia leo inawapa debe moja kwa kila nyumba mbili! Nusu kwako, nusu kwa jirani!" Kisha akanigeukia. "Mmwagaji, waulize lile swali, redio isikie wanavyoridhia."

Nikasogea kwenye kipaza sauti nikafungua kitabu.

"Mpokeaji, umeridhia?"

Bi Chausiku akasogea mbele.

"Bwana Afisa, hebu nikuulize. Haya maji yalimfikia nani kwanza?"

Mimi nikiulizwa jambo la sheria najibu. Ndivyo nilivyolelewa. "Yaliifikia Wizara kwanza."

"Kwa hiyo mgawaji nani?"

Nikapekua. "Wizara."

"Amebaki na kiasi gani?"

Nikatazama tangi. "Lote hilo, kasoro debe hili."

"Na sisi ni nani?"

"Ninyi ni wapokeaji."

Waziri alikuwa bado anatabasamu, maana redio ilikuwa hewani. Mzee Ndimbo akamvuta Bi Chausiku kanga.

"Chausiku, chukua. Nusu debe si haba. Ukikataa leo hata hiyo nusu hupati, na shuka za watu ziko kwako zinanuka."

"Nazijua zinavyonuka. Nalala nazo chumba kimoja."

"Jina lako litafutika ukutani, mama."

"Najua, Mzee wangu. Niache."

Nilimwona anahesabu midomo ikicheza, nusu debe, shuka arobaini, jioni hii. Akapeleka mkono kwenye mkunjo wa kanga, akautoa, akaupeleka tena. Halafu akainua kibendera. Mzee Ndimbo akamtazama, akapiga kite, na yeye akachomoa leso yake nyekundu, maana wagawaji hawakupewa vibendera. Nyuma yao mtaa mzima ukawa mwekundu.

Waziri akacheka. "Haya! Mnajikomoa wenyewe! Mmwagaji, wamwagie debe lao, wateremke na kiu yao."

"Mheshimiwa," nikasema, "utaratibu ni fungu la mgawaji kwanza."

"Fungu gani?"

Nikaelekea kwenye tangi. Msinipambe, jamani, mimi si shujaa. Nilikuwa mtumishi wa umma mwenye kitabu mkononi, na kitabu kilikuwa hakina ukurasa unaosema tangi la Wizara lirukwe. Askari wa mlangoni alinitazama, akamtazama Waziri, akakumbuka kwamba anayemzuia Mmwagaji hufungwa miaka saba. Mheshimiwa Kagusa mwenyewe ndiye aliyeiandika hiyo saba. Askari akanifungulia geti akapiga saluti.

Nikazungusha koki. Maji yakatoka kwa ngurumo, yakateremka upande wa pili wa mlima, kwenye nchi jirani, ambayo baadaye ilituandikia barua ya shukrani. Bendi ya Wizara, kwa mazoea, ikaanza wimbo wa taifa.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Waziri hakuweza kukimbia, hakuweza kupiga kelele, alisimama wima mkono kifuani akitazama tangi likishuka. Ubeti wa kwanza ulipoisha, kabla bendi haijavuta pumzi, akaropoka, "Madebe mawili!"

Bi Chausiku kibendera juu. Ubeti wa pili. Watu waliimba vizuri siku ile, sijapata kusikia.

"Manne!"

Ubeti wa tatu. Chemchemi ikakohoa ikanyamaza.

"Kumi! Kumi kama zamani, mama, kwa kila nyumba mbili!"

Mzee Ndimbo akamgusa kiwiko. Mtaa wote ukamtazama. Kumi! Shuka zingekuwa nyeupe jioni ileile. Lakini Bi Chausiku alikuwa anatazama tangi, na nadhani alikuwa anaona kwa mara ya kwanza lilivyo kubwa. Hakushusha mkono. Tukaimba ubeti wa nne, wa tano, wa sita, na kila ubeti maji yake na yetu yalikwenda kwa wageni, na yeye machozi yalikuwa yanamtoka huku anaimba. Wa saba. Wa nane. Samaki wa bwawani wakaanza kuruka kwenye matope.

Ubeti wa tisa ulipoisha, Waziri sauti ilikuwa imekwisha. "Nusu," akasema. "Kila tone litakaloingia tangini, nusu ya Wizara, nusu ya watu."

Nikafunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Mpokeaji, umeridhia?"

Bi Chausiku akashusha kibendera. "Nimeridhia."

Nikafunga koki. Ilikuwa imebaki kama theluthi. Mheshimiwa Kagusa, ambaye si mtu wa kupoteza nafasi redio ikiwa hewani, akajifuta jasho, akamshika Bi Chausiku mikono miwili.

"Ahsante sana, mama. Nilijua tu unaipenda Serikali yako."

"Mheshimiwa," Bi Chausiku akasema, "kukupenda sijakupenda. Ila leo umejua kwamba nipo."

Kisha madebe yakajazwa tangini kutoka kwenye ile nusu ya watu, naye akajitwika moja kichwani, akamkabidhi Mzee Ndimbo la pili, akaomba apishwe njiani, maana shuka arobaini zilikuwa zinamngoja na jua la kuanikia lilikuwa bado kali.